Neno "sharti" mbele ya jaji: si kila kinachovunjwa huvunja mkataba



Nataka tuzungumze juu ya neno moja tu, nalo ni "sharti". Ni neno tuliloinukia nalo. Limo katika vitabu vya chuoni, limo katika hati za kukodi nyumba, limo nyuma ya risiti za dukani, na limo katika ile mikataba ya ujenzi ambayo sisi tulioko nje tunaitia saini harakaharaka tukiwa likizo nyumbani, halafu huyoo tunapanda ndege. Linaonekana neno jepesi. Lakini likifika mahkamani, khasa katika mahkama zilizolelewa na sheria ya Kiingereza, linaweza kumtia mtu hasarani, kwa sababu sisi tunalitumia kwa maana mbili na jaji anataka kujua ni ipi kati ya hizo.

Maana ya kwanza ni nzito. Mtoto wa chuoni anajua kwamba udhu ni sharti ya swala: udhu ukitenguka, swala nayo imekwenda. Hakuna nusu. Maana ya pili ni nyepesi zaidi: tukisema "masharti ya mkataba" tunakusudia kila walichokubaliana watu, kikubwa na kidogo, kuanzia bei ya nyumba mpaka nani atanunua kufuli la geti. Maana zote mbili tumezipokea kutoka Kiarabu, na Waarabu wenyewe wanazitumia zote mbili bila ya tabu. Tabu inaanza pale mtu anapoandika kichwa cha habari MASHARTI, akaorodhesha vifungu kumi na nne chini yake, na siku mwenziwe alipokosa kimoja akasema: "Hili lilikuwa sharti, umelivunja, basi mkataba haupo tena."

Waingereza wasitucheke, maana na wao wana maradhi hayo hayo. Neno lao "condition" katika mazungumzo ya kawaida lina maana ya makubaliano yoyote, lakini kwa mawakili ni neno la kazi. Kwao "condition" ni kifungu ambacho kikivunjwa, hata kidogo tu, yule aliyekosewa ana haki ya kuumaliza mkataba mzima na kudai fidia juu yake. Kifungu chepesi wanakiita "warranty"; hicho kikivunjwa unapata fidia, lakini mkataba unaendelea na wewe mwenyewe bado unadaiwa wajibu wako. Mimi nitaviita sharti kuu na sharti dogo ili tusichanganyikiwe. Sheria ya mauzo ya bidhaa ya Uingereza ya 1893 iliuandika mgawanyo huu waziwazi, na sheria za mauzo za Kenya na Tanganyika zilizofuata ziliuchukua karibu kama ulivyo. Ila sheria hiyo hiyo ikaongeza jambo ambalo watu wengi hawalioni: kwamba kujua kama kifungu ni kikuu au kidogo kunategemea kuusoma mkataba wote, na kifungu kinaweza kuwa kikuu hata kama mkataba wenyewe umekiita kidogo. Yaani jina ulilolipa kifungu si mwisho wa habari.

Je, na kinyume chake? Ukikiita kifungu "sharti kuu" kwa jina lake kamili la kisheria, mahkama inaweza kusema hapana? Swali hilo ndilo lililofika mbele ya Baraza la Malodi, ambalo mpaka 2009 ndilo lililokuwa mahkama ya juu kabisa Uingereza, katika kesi ya Schuler na Wickman iliyoamuliwa 1973. Nitaikalia kidogo kesi hii kwa sababu inatuhusu kuliko inavyoonekana.

Schuler ilikuwa kampuni ya Kijerumani inayotengeneza mashine za kukandamizia mabati ya bodi za magari. Mwaka 1963 iliipa Wickman, kampuni ya Kiingereza, haki ya pekee ya kuziuza mashine hizo Uingereza kwa miaka minne na nusu. Kifungu cha saba kilisema kwamba ni "condition" ya mkataba huu kuwa Wickman itapeleka mjumbe wake kuzitembelea kampuni sita zilizotajwa, za watengenezaji wakubwa wa magari, angalau mara moja kila wiki. Katika vifungu vyote ishirini, neno hilo lilitumiwa hapo tu. Hebu piga hesabu: wiki za miaka minne na nusu, mara kampuni sita, ni ziara zaidi ya 1,400. Wickman walikosa ziara kadhaa mwanzoni, Schuler wakasamehe. Wakakosa nyengine chache baadaye, na mwaka 1964 Schuler wakauvunja mkataba, hoja yao ikiwa ni ile ile ya ndugu yetu wa vifungu kumi na nne: tuliandika sharti, mmelivunja, kwaherini.

Malodi wanne kati ya watano waliwakatalia. Lord Reid alieleza kwamba tukilichukua neno hilo kwa maana yake ya kiwakili, basi ziara moja tu ikikosekana kati ya hizo 1,400, hata kwa sababu mjumbe kaamka na homa, Schuler wangeweza kuumaliza mkataba mzima. Hakusema kwamba watu hawawezi kukubaliana hivyo. Alisema kwamba matokeo yanapokuwa ya ajabu kiasi hicho, inakuwa vigumu kuamini kuwa ndicho walichokikusudia, na kama kweli walikikusudia basi ilikuwa juu yao kukisema bila ya kuacha shaka. Halafu palikuwa na kifungu cha kumi na moja, kilichoruhusu kuvunja mkataba kwa kosa kubwa ambalo halikurekebishwa ndani ya siku 60 baada ya kupewa notisi. Malodi wakavisoma vifungu viwili pamoja: neno "condition" likawa lina maana ya wajibu muhimu tu, na njia ya kutokea ikawa ni ile ya siku 60.

Lord Wilberforce peke yake alipinga, na mimi kila nikimsoma naona ana haki ya kusikilizwa. Yeye aliuliza ni kwa ushahidi gani wenzake wanadhani kuwa pande hizi mbili zilikuwa na moyo wa kuchukuliana, badala ya biashara ya nidhamu kali isiyosamehe kuchelewa. Watu wazima, wenye mawakili, wamechagua neno lenye maana inayojulikana. Kwa nini jaji awalegezee? Ugomvi huu kati ya Reid na Wilberforce haujesha mpaka leo. Kila kesi ya tafsiri ya mkataba unaweza kuuona ndani yake.

Sasa mtu asije akadhani kuwa mahkama za Kiingereza daima ni za huruma. Mwaka 1933 Malodi hao hao (si watu wale, bali baraza lile) waliamua kesi ya Arcos na Ronaasen. Mnunuzi aliagiza mbao za kutengenezea mapipa ya saruji, unene nusu inchi. Nyingi zilizokuja zilizidi kidogo, sehemu ndogo ya inchi tu, na kwa mapipa zilifaa bila ya shida yoyote. Mnunuzi akazikataa zote, na kila mtu alijua kuwa sababu ya kweli ni bei ya mbao kushuka sokoni. Akashinda. Lord Atkin alisema kwa ufupi kwamba anayeandika nusu inchi hakuandika takriban nusu inchi. Akitaka nafasi ya kupungua na kuzidi, aiweke mwenyewe. Ukali huu ulipunguzwa baadaye, kwani marekebisho ya 1994 yanamzuia mfanyabiashara kukataa bidhaa kwa upungufu mdogo sana ambao haingekuwa busara kuzikatalia.

Na katikati ya ukali na huruma kuna njia ya tatu, iliyochorwa na Mahkama ya Rufaa katika kesi ya meli ya Hongkong Fir, uamuzi unaojulikana kwa mwaka 1962. Meli ilikodishwa kwa miezi 24. Mkataba ulisema iwe inafaa kwa kila hali kwa kazi ya mizigo. Injini zilikuwa kuukuu, wafanyakazi wa chumba cha injini hawakutosha na hawakuwa hodari, na wiki nyingi zikapotea kwa matengenezo. Waliokodi wakauvunja mkataba, na wakati huo bei ya kukodi meli ilikuwa imeporomoka. Majaji walitizama neno "inafaa" wakaona kuwa linaweza kuvunjwa kwa msumari mmoja uliokosekana na linaweza kuvunjwa kwa kukosekana nanga. Huwezi kukaa mezani siku ya kutia saini ukasema kifungu hiki ni kikuu au ni kidogo. Inabidi usubiri kosa litokee, ndipo uulize: kosa hili limemnyima mwenziwe takriban faida yote aliyoitarajia? Pale ilikuwa bado imebakia miezi kama 17 ya kazi, meli imeshatengenezwa. Jibu likawa hapana. Na waliokodi, kwa kuvunja bila ya haki, wakawa wao ndio wavunjaji, wakatakiwa kulipa fidia.

Hapo ndipo penye mwiba, ndugu zangu. Watu wengi wanadhani kesi ya mkataba ni kumtafuta aliyeanza kukosea. Sivyo. Unaweza kuwa ndiye uliyekosewa mwanzo, ukaona hasira, ukamfukuza mwenzio, na mwisho wa kesi wewe ndiye unayelipa, kwa sababu kifungu alichokivunja hakikuwa na uzito wa kukupa ruhusa ya kumfukuza.

Lakini uzito unaweza kuwekwa kwa maandishi, na hilo nalo lina hatari zake. Katika kesi ya Lombard ya 1987, mhasibu mmoja alikodi kompyuta kwa malipo ya kila miezi mitatu, na mkataba ulisema kwamba kulipa kwa wakati ndio kiini cha makubaliano. Akachelewa mara kadhaa. Kwa macho ya kawaida kuchelewa kulipa si mwisho wa dunia, lakini maneno yale yaliligeuza kila tarehe ya malipo kuwa sharti kuu. Akatakiwa kufidia malipo ya muda wote uliobaki, wakati kompyuta yenyewe ilipouzwa haikuleta hata pauni 200. Majaji walikiri kuwa hawakufurahishwa na matokeo, ila maneno yalikuwa wazi. Na kwenye biashara kubwa ya mazao na meli, hata bila ya maneno hayo, mahkama huichukulia tarehe kuwa sharti kuu, kama ilivyoamuliwa 1981 katika kesi ya Bunge na Tradax, maana huko mzigo mmoja huuzwa mkono hata mkono na kila mtu anategemea saa ya mwenziwe.

Jambo jengine la kuangalia ni kwamba mahkama hulainisha neno lenye shaka. Neno lisilo na shaka huliacha likamchoma aliyelitia saini. Mfano unaonitisha mimi ni wa Arnold na Britton, wa Mahkama ya Juu ya Uingereza, 2015. Vibanda vya mapumziko huko Wales vilikodishwa kwa miaka 99, na baadhi ya mikataba ilimtaka mpangaji alipe pauni 90 mwaka wa kwanza kwa huduma za pamoja, kisha ziongezeke asilimia kumi kila mwaka. Iliandikwa zama za mfumuko mkubwa wa bei, ikaonekana ni kinga. Bei zikatulia, asilimia kumi ikabaki. Kufikia 2072 kibanda kimoja kingedaiwa zaidi ya pauni 550,000 kwa mwaka mmoja. Wapangaji wakaomba kifungu kisomwe kuwa hicho ni kiwango cha juu tu. Lord Neuberger na wengi wa wenzake walikataa: akili ya kibiashara haitumiki kwa kutizama nyuma baada ya mambo kuharibika, na jaji si mlezi wa aliyefanya biashara mbaya. Lord Carnwath alipinga. Mahkama ya Rufaa ya Kenya ilikuwa imeshasema jambo la namna hiyo katika kesi ya National Bank of Kenya na Pipeplastic Samkolit ya 2001: mahkama haiwaandikii watu mkataba upya.

Turudi kwetu sasa. Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, iliyoanza 1961, imetokana na sheria ya India ya 1872. Kwa hiyo jaji wa Dar es Salaam ana kifungu cha 55, kinachofuata cha India: ahadi ya kufanya jambo kwa tarehe fulani ikikosekana, mkataba unaweza kuvunjwa iwapo nia ya pande zote ilikuwa kwamba wakati ndio kiini, kama haikuwa hivyo, dawa ni fidia tu. Neno la kushika ni nia, na nia inatafutwa ndani ya maandishi. Kinachonishughulisha ni lugha ya maandishi hayo. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahkama Tanzania, na Kiingereza kimeachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Mimi ni katika waliofurahi. Lakini zamani mkataba wa Kiswahili ulipofika kwa wakubwa ulifasiriwa, na mfasiri akachagua, kwa kujua au kutojua, neno la Kiingereza lenye uzito wake. Sasa jaji analisoma "sharti" lenyewe, na nyuma ya "sharti" hakuna miaka mia na ushei ya kesi za kuligawa kuwa kuu na dogo. Litabidi ligawiwe kwa Kiswahili. Kazi hiyo ni ya wanasheria na ni ya watu wa lugha pia, na sijaona tunaizungumza vya kutosha.

Mikataba ya ujenzi ambayo ndugu wameniletea kuisoma karibu yote ina kasoro ile ile: vifungu vyote vimelundikwa chini ya MASHARTI, bati la rangi gani limo sawa na tarehe ya kukabidhi nyumba, na hapana mstari unaosema nini kitatokea kikikosekana kimoja. Chukua mfano wa kubuni. Umetaka nondo za kiwanda fulani, fundi katia za kiwanda chengine za ubora ule ule. Amevunja? Ndiyo, hapana ubishi. Unaweza kumfukuza na kukataa kumlipa kilichobaki? Mahkama ya Rufaa ya New York ilikumbana na jambo hili 1921 katika kesi ya Jacob & Youngs: nyumba ya shamba ya kifahari, mkataba ukitaka mabomba ya Reading, mjenzi akatia kwa kutoangalia mabomba ya viwanda vyengine yaliyo sawasawa, na mengi yameshafunikwa ndani ya kuta. Mwenye nyumba akazuia zaidi ya dola 3,400 za mwisho. Jaji Cardozo, kwa kura nne dhidi ya tatu, alisema mjenzi alipwe, na fidia ya mwenye nyumba iwe ni tofauti ya thamani, ambayo ilikuwa karibu na sifuri, si gharama ya kubomoa kuta. Ila, na hili wanaomnukuu hulisahau, Cardozo mwenyewe alisema watu wako huru kukifanya kila kifungu kuwa sharti la malipo, mradi watumie maneno yanayofaa na yasiyo na shaka. Ni kauli ile ile ya Lord Reid, nusu karne kabla yake.

Walioko Muscat watasema haya ni ya Wazungu. Huko njia ni nyengine kidogo. Sheria ya Miamala ya Kiraia ya Oman, iliyotolewa kwa Amri ya Sultani namba 29 ya 2013, inasema maneno yakiwa wazi hayaachwi kwa kisingizio cha kutafuta nia. Yakihitaji tafsiri, nia ya pamoja hutafutwa bila ya kuishia kwenye herufi. Na katika kuvunja, kawaida ni kumuonya kwanza aliyekosa, kisha jaji ana uwezo wa kumpa muhula, kumlazimisha atekeleze, au kuufuta mkataba pamoja na fidia. Pande zinaweza kukubaliana kuwa mkataba ujifute wenyewe bila ya hukumu, lakini hata hapo onyo linabaki kuwa lazima mpaka waliondoe kwa maneno ya wazi. Kwa hiyo huko nako neno "sharti" peke yake halikufikishi mbali.

Mimi ningependa tuliache neno hilo kwenye kichwa cha habari, na ndani tuandike matokeo. Badala ya "ni sharti nyumba ikabidhiwe tarehe 30 Juni", andika: "Nyumba ikabidhiwe tarehe 30 Juni. Wakati ni kiini cha makubaliano haya. Isipokabidhiwe, mwenye nyumba anaweza kumpa fundi notisi ya maandishi ya siku 21, na zikipita bila ya kukabidhiwa anaweza kuuvunja mkataba." Ni maneno mengi zaidi, najua, na fundi atauliza kwani kuna ugomvi gani. Lakini kwa vifungu vidogo, kama rangi ya bati, andika kiasi cha kukatwa, kiwe cha haki kinacholingana na hasara, maana sheria ya Tanzania inaruhusu fidia ya busara isiyozidi kiasi kilichotajwa, na aliyetaja kiasi cha kukomoa hatakipata chote.

Na kuna sehemu ya tatu ya kile kifungu cha 55 ambayo wengi wetu inatupiga. Ikiwa wakati ulikuwa kiini, fundi akachelewa, nawe ukaipokea nyumba ukasema "haya, alhamdulillah, imekwisha", basi umepoteza fidia ya kucheleweshwa, isipokuwa siku hiyo hiyo ya kupokea umempa taarifa kwamba unaidai. Kwa hiyo yule unayemtuma akupokelee funguo, mpe na barua.